UZI: Herufi X haimo katika alfabeti ya Kiswahili, lakini imeandikwa kwenye kuta zetu

#1 MtotoWaPloti

Wadau, habari za jioni. Nina jambo ambalo nimelibeba tangu nikiwa darasa la tatu, na leo nimeamua kulitua hapa.

Tulikuwa tukiishi kwenye ploti ya vyumba kumi na vinne huku Eastlands, Nairobi, kando ya barabara kubwa. Asubuhi moja nikitoka kuchota maji nilikuta ukuta wetu umepigwa X. Rangi nyekundu, brashi pana, na ilikuwa bado mbichi. Tone moja lilikuwa limeteremka kutoka mguu wa kulia wa ile X hadi karibu na ndoo ya jirani. Hapakuwa na neno lingine lolote. Jina la aliyeandika halikuwepo, wala tarehe, wala muhuri.

Wakati huo nilijua X moja tu, ile ya kalamu nyekundu ya mwalimu. Ukipata hesabu unawekewa vema, ukikosa unapigwa X. Basi nikaamini nyumba yetu imekosa. Nikamuuliza mama, "Tumekosa nini?" Hakunijibu. Aliiangalia ile alama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani akaanza kupanga vyombo kwenye beseni, maana alijua X hiyo huwekwa kwenye nyumba ya kubomolewa.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba herufi yenyewe si yetu. Kiswahili sanifu, hiki kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, hakina X wala Q. Neno lenye sauti hiyo likitufikia tunaliandika kwa k na s: teksi, boksi, faksi, eksirei, Meksiko. Hakuna kilichoharibika. Lakini toka nje utembee kutoka Umoja hadi mjini uzihesabu. X kwenye ukuta, X kwenye kola ya shati la mtumba la Gikomba, X kwenye daftari la mtoto, X kwenye mlango wa chumba cha picha hospitalini. Na tangu Julai 2023 ndilo jina la mtandao ambao wengi wetu bado tunauita Twitter.

Naombeni kila mmoja alete X anayoijua kutokana na kazi yake au maisha yake. Inamaanisha nini, na ilitoka wapi? Nataka kuelewa kwa nini mtu akitaka kusema jambo zito bila kulisema anachora mistari miwili.

#2 MwalimuWaRongai

Ndugu MtotoWaPloti, umenigusa, kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaopiga hizo X nyekundu. Nafundisha hisabati sekondari, na nianze na x ndogo, ile inayowatoa jasho wanafunzi.

Mfaransa René Descartes ndiye aliyeiweka mahali ilipo. Mwaka 1637 alichapisha kitabu chake cha jiometria, na humo akaamua kwamba herufi za mwanzo wa alfabeti, a, b, c, zitakuwa za viasi tunavyovijua, na za mwisho, x, y, z, zitakuwa za vile tunavyovitafuta. Kabla yake kulikuwa na mpango mwingine. François Viète, mwishoni mwa karne ya 16, alitumia irabu kwa kisichojulikana na konsonanti kwa kinachojulikana. Mpango wa Descartes ndio ulioshinda.

Sasa, ile alama ya kuzidisha si herufi hii, ingawa zinafanana kama mapacha. Mwingereza William Oughtred aliitumia katika kitabu chake cha 1631. Miaka michache tu baadaye x ya Descartes ikaja, na zikaanza kugongana. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz alilalamika juu ya jambo hilo katika barua yake ya 1698, kwamba msalaba ule unachanganywa na herufi, ndipo akapendelea nukta. Mgongano huo niliuona kila Januari kidato cha kwanza walipokuwa wakiingia. Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi kuandika x yenye mikunjo, kama c mbili zilizopeana mgongo. Anayeshika mtindo huo mapema hapotei kwenye aljebra.

Na nikujibu lile la moyoni. Kwenye aljebra, x haimaanishi kosa. Inamaanisha kuna kitu hapa, hatujakijua bado, tukitafute. Kalamu yangu nyekundu ndiyo iliyokufundisha maana nyingine, na tangu nilisome swali lako kwa mama yako nimeanza kufikiria kuandika maneno mawili pembeni ya daftari badala ya kuichora.

#3 HamzaPangani

Mwalimu, shikamoo. Mimi madrasa tuliambiwa x ilitokana na neno la Kiarabu shay', yaani kitu. Kwamba Wahispania hawakuwa na herufi ya sauti "sh", wakaiandika kwa x, na ndiyo ikafika hisabatini. Si kweli?

#4 MwalimuWaRongai

Marahaba, Hamza. Nusu ya kisa hicho ni kweli kabisa na ni ya kujivunia. Waandishi wa aljebra kwa Kiarabu walikiita kisichojulikana shay', na jina la aljebra lenyewe limetoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kutoka hapo Waitalia wakatafsiri wakasema cosa, maana yake kitu vilevile, na Wajerumani wakalichukua kama Coss. Lakini daraja la kutoka shay' hadi x ya Descartes halijaonekana kwenye maandishi yoyote. Yeye alitumia z na y kwa kazi hiyohiyo, jambo linaloonyesha alikuwa anachota tu kutoka mwisho wa alfabeti. Endelea kukisimulia, ila ukifika hapo kwenye daraja simama.

#5 DadaWaEksirei

Mimi ndiye yule wa nyuma ya mlango wenye X. Nimepiga picha za eksirei zaidi ya miaka kumi hapa jijini.

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen alikuwa akipitisha umeme kwenye bomba la glasi alilolifunika kwa karatasi nyeusi. Kando yake kulikuwa na kibao kilichopakwa kemikali, na kibao kile kikang'aa gizani ingawa hakuna mwanga uliokuwa ukitoka kwenye bomba. Kuna kitu kilikuwa kinapenya. Hakujua ni kitu gani, basi akakiita X, kama mwalimu wetu alivyoeleza. Tarehe 22 Desemba alimwita mke wake Anna Bertha aweke mkono, na picha ikatoka: mifupa ya vidole, na pete ikielea kwenye kimoja. Alipata Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia, 1901, na hakuchukua hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake. Wajerumani wenyewe wanaiita miale ya Röntgen. Sisi wengine tumebaki na X, ingawa sasa inajulikana vizuri kwamba ni mwanga wa aina yake, wenye nguvu kubwa kuliko ule tunaouona kwa macho. Mfupa una kalsiamu nyingi, unaizuia, unatoka mweupe. Pafu lina hewa, miale inapita, linatoka jeusi.

Wiki chache zilizopita mzee mmoja alitumwa kwangu apigwe kifua. Alifika mlangoni akasimama. Nikamkaribisha, akakataa kuingia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu, hii X mmeniwekea kwa sababu mmekata tamaa?" Alikuwa ametoka mtaa ambao nyumba zake zilipigwa X kisha zikaangushwa. Nilimshika mkono nikaketi naye kwenye benchi, nikamweleza habari za Röntgen na pete ya mkewe. Akacheka, akaingia. Aliposimama mbele ya kibao nilimwambia avute pumzi aizuie, na aliizuia kwa bidii mpaka nikamkumbusha kupumua.

MtotoWaPloti, nilipokusoma leo ndipo nilipomwelewa yule mzee sawasawa.

#6 FundiGeti

Ya kwangu ni fupi. Sisi wa jua kali X ni nguvu. Ukitengeneza fremu ya geti ya pembe nne peke yake, baada ya muda inalala, inakuwa mshazari, komeo haliingii. Ukipiga vyuma viwili vya kukatana kutoka kona hadi kona, umeigawa fremu kuwa pembetatu, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja upinde au ukatike. Uzito ukivuta huku chuma kimoja kinabanwa, kingine kinavutwa. Angalieni jukwaa lolote la ujenzi hapa mjini, mtaiona.

Na kwenye mbao x tunaisoma "bai". 6 x 2, siksi bai tuu. Ukimwambia muuza mbao "siksi eksi tuu" atakutazama tu.

#7 BintiXamar

Assalamu alaikum. Mimi ni wa Eastleigh, na kwetu X si ngeni hata kidogo. Ni sauti ya kooni.

Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na ile ḥaa ya Kiarabu ikapewa herufi X. Kwa hiyo Hassan ni Xasan, Halima ni Xaliimo, na Xamar ndilo jina tunaloiitia Mogadishu. Ukipita barabarani kwetu uone kibao kimeandikwa XAWAALAD, usihangaike na "ksa". Ni hawala hiyohiyo, mahali pa kutuma pesa. Na xalwo ni halua. Mswahili na Msomali wanakula sinia moja, herufi tu ndiyo imetofautiana.

Kitambulisho changu kina H. Shuleni ni H, benki ni H. Bibi yangu peke yake ndiye anayeniandikia jina langu kwa X, kwenye bahasha ya pesa za Idd, kwa mwandiko wake wa kutetemeka. Kila mwaka naifungua bahasha hiyo polepole ili jina lisichanike, na zote ninazo.

Watu wengine nao wana X zao. Wakhosa wa Afrika Kusini wanaiandikia mdoko wa pembeni mwa ulimi, ule mlio ambao mwenye mkokoteni hapa Nairobi anamhimizia punda wake. Wachina wanapoandika lugha yao kwa herufi za Kilatini, X inakaribia "sh" yetu. Waingereza wenyewe wanaisoma "ks" mwishoni mwa neno na "z" mwanzoni. Ndugu Mtoto, labda sababu ya kuiona kila mahali ni kwamba kila aliyeipata aliijaza alichokosa mahali pa kukiweka.

#8 MchungajiKariobangi

Niongezee kidogo hapo kwa BintiXamar. Wagiriki wa kale hawakukubaliana kuhusu alama hii. Wa mashariki waliisoma "kh", wa magharibi "ks". Warumi, kupitia Waetruski, walichukua ile ya magharibi, na ndiyo iliyofika Uingereza. Lakini Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki ambacho alama hiyo ni "kh", herufi ya kwanza ya jina la Kristo. Kwa hiyo mnapoona Xmas kwenye madirisha ya maduka, hakuna aliyemfuta Yesu. Ni ufupisho wa Wakristo wenyewe, wa kale sana. Nimewaona waumini wakichana kadi kwa uchungu kwa sababu ya jambo hili, na nimeona vibaya kwamba hatukuwafundisha mapema.

#9 BintiWaTano

Nimesoma kimya tangu juzi, lakini hii lazima niseme.

Mimi ni wa tano katika mabinti watano. Baba alimrudisha mama kwao nilipozaliwa mimi, kwa sababu "hajui kuzaa wavulana". Sasa someni.

Mwaka 1891 Mjerumani Hermann Henking alikuwa akichunguza seli za mbegu za mdudu dume kwa hadubini. Akaona kipande kimoja, ambacho leo kinaitwa kromosomu, yaani kibeba urithi, kinabaki upande mmoja wakati vingine vinagawanyika. Hakujua ni nini, akakiandikia X. Y ilipopatikana baadaye ilipewa tu herufi inayofuata. Mwanamke ana X mbili. Kila yai analotoa limebeba X, hana kingine cha kutoa. Mwanamume ana X na Y, na mbegu zake nyingine zinabeba X, nyingine Y. Ikifika ya X ni msichana, ikifika ya Y ni mvulana. Mama alitoa X mara tano kwa sababu X ndiyo pekee aliyonayo. Cha kutofautisha kilitoka upande wa baba, na baba naye hakukichagua.

Nilijifunza hayo kidato cha pili. Nikachora mraba wa kuyaonyesha hayo kwenye karatasi, XX juu, XY pembeni, nikampelekea mama shambani. Hakusoma sana, lakini alinifanya nimweleze mara tatu. Akaikunja ile karatasi akaitia kifuani ndani ya leso. Hadi leo jirani akianza maneno, anamwambia, "Binti yangu alinionyesha kwenye karatasi."

#10 MjukuuWaGithurai

Pole, BintiWaTano, na hongera kwa mama.

Mimi ni ya kura. Shosho alikwenda kupiga kura na karatasi zake sita. Aliporudi akatuambia kwa fahari kwamba amewapiga X wote asiowataka, na yule anayemtaka amemwachia nafasi yake ikiwa safi. Tulinyamaza. X kwenye kisanduku cha mgombea ni kumchagua, na ukiweka kwa wengi kura hiyo imeharibika. Alikuwa amesimama kwenye foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyekuwa amemweleza, na sisi wajukuu tulisoma wote. Uchaguzi uliofuata nilikaa naye jioni na karatasi ya mazoezi niliyoichora mwenyewe, hadi akashika.

#11 MsomajiWaUsiku

Hakuna aliyemtaja Malcolm X, yule mtetezi wa Wamarekani weusi? Alizaliwa Malcolm Little, Omaha, 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaliacha Little. Hoja ilikuwa kwamba jina la ukoo la Mmarekani mweusi lilikuwa la bwana aliyewamiliki babu zake, na lile la Kiafrika limepotea. X ikakaa mahali pa jina hilo. Mwalimu, ni ileile x yako: kuna kitu hapa na hatukijui.

Alifika Nairobi Oktoba 1964, na mmoja wa aliokutana nao ni Pio Gama Pinto, mwanaharakati na mbunge wa Kenya. Malcolm akauawa New York tarehe 21 Februari 1965. Pinto akauawa hapa Nairobi, mtaa wa Westlands, siku tatu baadaye, tarehe 24. Nikipita Westlands huwa nayakumbuka hayo.

#12 KaraniWaSheria

Nimengoja wengine wamalize, kwa sababu nataka kurudi kwenye ukuta wa ndugu MtotoWaPloti.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kama ilivyorekebishwa 2016, ina vifungu kuanzia 152A kuhusu kuondoa watu. Kwa ardhi ya umma, kifungu 152C kinataka walioathirika wajulishwe kwa maandishi, kupitia Gazeti rasmi la Serikali, gazeti moja la kitaifa na tangazo la redio, kwa lugha ya wenyeji inapofaa, angalau miezi mitatu kabla. Kwa ardhi ya mtu binafsi, 152E kinadai notisi ya maandishi ya miezi mitatu vilevile. Kifungu 152F kinakuruhusu kwenda mahakamani ukishapewa notisi. Na 152G kinataka wanaokuja kubomoa wajitambulishe na waonyeshe idhini yao.

Hakuna mahali sheria inaposema X ya rangi inatosha kuwa notisi. Tafuteni maneno. Mkiona X, ipigeni picha pamoja na tarehe, ulizeni ni ya ofisi gani, na mtake barua. Kila chumba kiandike jina la anayeishi humo. Na anayeweza kufika kwa wakili au kwa shirika la msaada wa kisheria aende mapema, asingoje tingatinga.

Ila msiichukulie kila X kuwa uonevu. Nyingine zinawekwa kwa sababu jengo lina nyufa na linaweza kuwaangukia. Lile la Huruma, hapa Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe, watu wakabaki ndani, makumi wakafa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kudai maneno. Ukiona X tupu, utajuaje kama ni ya kukufukuza au ya kukuokoa?

#13 MtotoWaPloti

Nimesoma kila kitu mara mbili. Asanteni sana, na BintiWaTano, nimemsomea mama yangu uliyoyaandika. Amesema nikusalimie mama yako.

Wengi wamenitumia ujumbe wakiuliza mwisho wake ulikuwaje. Ile siku ya kwanza jioni, mama alitoka na kipande cha mkaa. Chini ya ile X, pale tone lilipoishia, akaandika kwa herufi kubwa: TUNAISHI HAPA. FAMILIA 14. Jirani yetu wa chumba cha sita akachukua mkaa akaongeza: WATOTO 31. Mwandiko wa mama ulikuwa unapanda kuelekea kulia kwa sababu ukuta ulikuwa na mawe yasiyolingana. Hakuna aliyekuja kutueleza chochote kwa miezi saba. Mvua ilifuta mkaa mara nyingi, na kila ilipofuta mama aliandika tena. Kisha asubuhi moja tingatinga likaja, na likaanza na ukuta huo.

Hatukujua habari za 152C, na hata hivyo marekebisho hayo yalikuwa bado hayajapitishwa.

Siku chache zilizopita, jioni nilipokuwa natoka kazini, niliona X mbili mpya, za manjano, kwenye ploti mbili za mtaa ninaoishi sasa. Ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. KaraniWaSheria, nimechapisha vifungu ulivyovitaja, nakala arobaini, na dada mmoja wa chumba cha chini ananisaidia kuvitafsiri kwa Kiswahili cha kueleweka. Picha za X zote mbili ninazo, na tarehe. Tunakutana Jumapili saa nane mchana uani kwa keateka, yaani msimamizi wa ploti, na kila chumba kinaleta mtu mmoja na kalamu. Kama unaweza kufika, nitakutumia maelekezo faraghani.